Mama wa maharagi aliniongezea matabishi, tangu ile siku silale

Jambo tantine. Naomba usitaje jina yangu wala kijiji yetu, sema tu natoka Lubero, huku Kongo, Kivu ya Kaskazini, inatosha. Niko na miaka 24, niko Butembo kwa mujomba wangu, sasa inafika miezi saba. Kabla ya pale nilikuwa pori na Mai-Mai, wale wanamgambo wa kwetu.

Niliingia 2016, nilikuwa na miaka 15. Ni ule mwaka FDLR, wale waasi wenye walitoka Rwanda, waliingia kijiji ya Miriki usiku mwezi wa kwanza wakakata watu, kwetu si Miriki lakini si mbali, na baada ya pale kila kijiji vijana walikuwa wanasema tutajilinda wenyewe juu serikali haituone. Hakuna mutu alinifunga kamba tantine, nisikudanganye, nilienda na miguu yangu. Walinichanja hapa kifuani, wakaninyunyizia maji, wakanipa masharti, usiibe, usiguse mwanamke, na mengine mengi. Mwanzo nilikuwa kadogo tu, nabeba sufuria na mufuko wa risasi ya mukubwa. Kisha wakaniweka baryeri, na pale ndio nilikaa miaka mingi. Vita nilipigana lakini si kila siku, baryeri ilikuwa kila siku. Siku ya soko wamama wanashuka na mizigo, tunaweka kamba, kila mutu franka mia tano, mwenye hana tunachukua kitu kwa muzigo. Kila mwezi wanalipa jetoni ya franka elfu moja, na usiku kuna ile ya lala salama, ya kulipia ulinzi. Tulikuwa tunasema tunawalinda na mimi nilikuwa naamini kabisa.

Nilitoka juu komanda wetu alipigana na komanda mwingine juu ya shimo ya dhahabu. Si juu ya FDLR, si juu ya wale waasi wa M23, juu ya shimo. Ile asubuhi wenzangu wawili walikufa, mumoja tulikuwa tunakula naye sahani moja tangu tukiwa kadogo, na nilimwangalia pale chini na kijiko yake ikiwa bado kwa mufuko ya shati nikasema sasa huyu amekufia nini. Nilitembea usiku tatu. Bunduki sikuiacha njiani juu niliogopa, niliifunga kwa shitingi, ile turubai, nikaizika kwa shamba ya mama karibu na migomba. Mama hajue. Mujomba anajua nilikuwa pori lakini bunduki hajue. Majirani wameambiwa nilikuwa nachimba dhahabu Manguredjipa.

Hapa muji niko menuizeri, kwa rafiki ya mujomba, napiga randa na kusugua mbao na papiye, anasema niko na mukono muzuri. Anajua ile ya Manguredjipa tu.

Sasa shida imeanza hivi. Muke ya mujomba alinituma soko ninunue maharagi. Nilifika kwa mama mumoja, niliinama kuangalia maharagi, nikainua macho, tukaangaliana. Ni mama wa kwetu. Alikuwa anapita baryeri yetu kila wiki na muzigo mugongoni na kamba kwa kichwa, na ile siku moja hakuwa na ile mia tano mimi mwenyewe nilifungua gunia yake nikachota kofia mbili nzima, na alikuwa na mutoto mugonjwa nyuma ya mugongo, alisema "mwanangu, ni ya dawa ya huyu" na mimi nikamwambia apite haraka. Sasa pale soko hakusema kitu tantine. Alipima kopo tatu, akaweka kwa sashe, halafu akachota na mukono akaongeza matabishi, mara ya kwanza, akaongeza tena mara ya pili, akafunga, akanipa. Mikono ilikuwa inatikisika kidogo. Nililipa nikaenda. Nimejiuliza je amenisamehe ao namna gani? Juu mutu mwenye amekukasirikia hawezi kukupa matabishi mbili.

Tangu ile siku silale. Nikilala naota kamba ya baryeri. Pikipiki ikipiga kama risasi barabarani najikuta chini ya meza ya atelie na watu wanacheka. Nafikiri ni dawa imenigeukia, juu masharti ilisema usiibe.

Kitu ingine, mwenzangu mumoja mwenye alibaki ananipigia simu. Anasema sasa sisi ni Wazalendo, tunatambuliwa na serikali, rudi. Kila mara anauliza "ile kitu bado iko?" Na mutoto wa mujomba, ana miaka 13, sijue alisikia wapi, kila usiku ananiuliza "kaka uliua wangapi", na juzi nilimukuta amechonga bunduki ya muti na papiye yangu, ameisugua vizuri sana.

Nifanye nini? Nirudi kijiji niombe musamaha? Niende kwa DDR, ile programu ya kupokea silaha na kurudisha wapiganaji kwa raia? Watu wanasema DDR ni uongo, unaenda pale unakufa njaa. Nisaidie juu nimechoka.

*

Mdogo wangu, jambo.

Nianze na maharagi juu ndiyo yamekufanya uandike, hayo mengine umeyabeba miezi saba ukanyamaza.

Hajakusamehe. Naomba unisikilize vizuri hapa, sisemi hivi kukuumiza. Yule mama aliinua macho akaona mtu wa baryeri, na mkono wake ukafanya kitu ulichofundishwa kufanya miaka yote ile, kukuongezea ili upite. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mikono ilikuwa inatikisika. Mtu anayetoa matabishi kwa roho safi anacheka, anasema "chukua mwanangu, urudi kesho", anakuuliza unatoka kwa nani. Huyu hakufungua kinywa. Kwake pale soko la Butembo, kati ya watu wote, wewe ulikuwa bado umesimama na kamba yako. Na nafikiri moyo wako ulijua, ndio maana hulali, juu kama ungeamini umesamehewa ungelala kama mtoto.

Mimi si Mnande, niliolewa tu upande huo, na miaka tisa nilikuwa mpishi katika kituo kimoja cha kupokea watoto wanaotoka katika makundi. Sikusomea saikolojia. Nilikuwa nasonga ugali na kupika sombe, lakini jikoni unaona mambo ambayo wenye ofisi hawaoni. Nimeona watoto wanaokula wakiwa wamegeuza mgongo ukutani, dakika mbili sahani imeisha. Nimefagia chini ya vitanda nikakuta wamelala pale, kitanda juu kiko kitupu na blanketi imekunjwa, juu kitandani mtu anakuona haraka. Kulikuwa na mmoja kila nikiangusha kifuniko cha sufuria anaingia katikati ya magunia ya unga, na wenzake hakuna aliyekuwa anamcheka hata mara moja, juu wote walikuwa wanajua. Kwa hiyo ile ya kujikuta chini ya meza ya atelie naijua. Wengi wao walikuwa wanasema kama wewe, ni dawa imenigeukia. Na walikuwamo ambao hawakuwahi kuchanjwa wala kunyunyiziwa maji, walitoka katika makundi yasiyo na dawa kabisa, nao walikuwa wanaota vilevile na kulala chini ya kitanda vilevile. Basi mimi dawa yenu siitukani, wazee wanajua yao, lakini ninachokiona kwako ni mwili uliokaa miaka minane ukingoja risasi, bado haujaambiwa kwamba umefika Butembo. Nenda santre de sante, kituo cha afya, uliza kama wana mtu wa kuongea na watu waliopita vita, wanaitwa APS sehemu nyingi. Kama unasali mwambie pasta wako pia, lakini pasta anayekusikiliza, usiende kwa yule wa kukushindisha njaa siku saba na kukupigia kelele juu ya mapepo, usingizi hauwezi kurudi kwa njaa.

Na kuhusu masharti nitasema neno moja tu. Dawa ilikukataza kuiba, na walewale waliokupa dawa ndio waliokuweka baryeri. Ulikuwa na miaka 15, hukuweza kuyaweka haya mawili pamoja ukayaangalia. Sasa una 24, unaweza.

Haya, bunduki. Hapa nakuwa mkali kidogo unisamehe.

Hiyo kitu iko katika shamba la mama yako. Siku jirani anayelima akigonga shitingi na jembe, au mvua ikifukua udongo, au yule mwenzako akichoka kuuliza kwa simu aje kutafuta mwenyewe usiku, atakayekamatwa ni mama, na hata hajui kuna nini. Kivu ya Kaskazini tuko katika état de siège, utawala wa kijeshi wa dharura, tangu mei 2021, gavana ni mwanajeshi, na kesi ya silaha ya vita inapelekwa kwa mahakama ya kijeshi hata kama wewe ni raia wa kawaida. Nani atamwamini mama mzee akisema hajui? Kwa hiyo ukiniuliza uanze wapi, anza hapo, kabla ya kijiji, kabla ya msamaha, kabla ya yote.

Lakini usiende kuichimbua wewe mwenyewe! Nakuomba. Usiichukue kwenye pikipiki ukaifunga ndani ya mzigo wa makaa uipeleke Butembo kwa nia nzuri, ukikutana na askari njiani nia yako haionekani, kinachoonekana ni kijana wa Lubero na bunduki. Usiiuze. Usiitupe mtoni halafu ukae kimya, juu ukifanya hivyo utakuwa umebaki bila bunduki na bila karatasi, na mtu wa zamani akikutaja kesho huna cha kuonyesha.

Mwambie kwanza mjomba. Leo, usingoje jumapili. Najua ataogopa na anaweza kukasirika, amekulaza nyumbani kwake miezi saba hajui kilichofichwa shambani kwa dada yake. Mwache akasirike. Halafu nyinyi wawili mtafute mtu mmoja mzima anayeheshimika, padri, pasta, au shefu ambaye mjomba anamjua vizuri kwamba mdomo wake umefungwa, na huyo ndiye awasiliane na watu wa DDR. Kuna njia mbili. Kuna programu ya serikali, ile P-DDRCS iliyoundwa julai 2021, na kuna kitengo cha DDR cha MONUSCO, wale wa Umoja wa Mataifa. Butembo MONUSCO walifunga kambi yao baada ya ile vurugu ya 2022 lakini Beni bado wapo. Mnawaambia kuna silaha, iko mahali fulani, mwenye kuiweka anataka kuirudisha, mnauliza ifanyike namna gani. Wao ndio wanapanga nani ataenda, siku gani, na jeshi la sehemu hiyo liambiwe kabla. Uwe na shahidi kila hatua, na usitoke pale bila karatasi inayoonyesha jina lako na kwamba umeweka silaha chini. Hiyo karatasi piga picha, moja abaki nayo mjomba, moja mpe yule padri.

Watu wanaosema DDR unakufa njaa hawajatunga. 2013 watu walipelekwa kambi ya Kotakoli kule Equateur, mbali na makwao, wapiganaji na wake zao na watoto, na zaidi ya mia moja walikufa pale kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya nusu walikuwa watoto. Siwezi kuandika juu ya DDR nikaruka hilo, nimepika kwa watoto nikajua inachukua nini kumlisha mmoja kwa siku. Na ule mpango wa zamani kabla yake, ulioanza 2004, mtu mzima alipewa dola 110 mkononi halafu 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, wengi walikula zile pesa zikaisha, kazi hakuna, wakarudi pori, wengine walifanya hivyo mara mbili mara tatu mpaka wakaifanya kazi. Huu wa sasa umepangwa tofauti, hawataki kukuweka kambini muda mrefu, wanataka urudi katika jamii yako, na hakuna tena ile ya kuingizwa jeshini kwa kundi na kupewa vyeo. Lakini nitakuwa mwongo nikikuambia kila kitu walichoandika kinafika kijijini kwa wakati. Wewe usiende kule kutafuta pesa. Nenda kutoa kile kitu shambani na kupata karatasi. Mkono mzuri tayari unao, na mbao ziko palepale zinakungoja. Kama watakuongezea kisanduku cha vifaa vya menuizeri, asante Mungu, lakini usiache atelie hata siku moja ukisubiri.

Kuhusu sheria uelewe mambo mawili. La kwanza, mtu mzima aliyekupokea ukiwa na miaka 15 ndiye mwenye kosa la kukuingiza, sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inampa miaka 10 mpaka 20 gerezani mtu anayetia mtoto chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi, hata kama mtoto alikwenda na miguu yake kama unavyosema wewe. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa 2012 kule La Haye, kwenye mahakama ya kimataifa, miaka 14 kwa kosa la namna hiyo, la kutumia kadogo wa chini ya miaka 15. Naandika hivi juu naona umejibebesha hata ile siku ya kwanza, na ile siku ya kwanza si yako. La pili ni gumu. Ulifika miaka 18 ukiwa bado pori, na kutoka hapo unajibu mwenyewe. Ile sheria ya amnesti ya 2014 watu wanaitaja sana lakini inahusu mambo ya kabla ya mwisho wa 2013, wewe hata ulikuwa hujaingia, na hata waliokuwamo haikuwasamehe kuua raia, kubaka, wala kuingiza watoto. Kwa hiyo kama kuna jambo kubwa kuliko yale ya baryeri ambalo hukuniandikia, usiniandikie mimi, na usimwambie mtu wa kwanza wa DDR atakayekuuliza. Tafuta avoka, yaani wakili, kwanza. Wapo wanaosaidia bila malipo, hata parokiani uliza watu wa haki na amani.

Sasa yule wa simu. Nimesoma hayo maneno yake manne na nimekaa nayo muda mrefu. "Ile kitu bado iko?" Hakuuliza unalala wapi. Hakuuliza mama anaendeleaje, wala kama ulishaenda kuwaona wazazi wa yule rafiki yenu aliyekufa na kijiko mfukoni. Sitabishana na wewe juu ya Wazalendo, najua kuna vijana waliokwenda juu M23 wamechukua makwao na mama zao wamelala nje, nikiwaona kambini siwezi kuwatukana. Na kweli tangu 2023 kuna sheria ya jeshi la akiba, si uongo anaposema wanatambuliwa. Lakini wewe ulishaona jinsi inavyokwenda, uliingia juu ya FDLR ukatoka juu ya shimo la dhahabu, na wakubwa ni walewale. Badilisha namba. Usimjibu ndiyo wala hapana, usimtukane, usimwambie umeitoa kitu wala unakaa kata gani. Siku silaha ikishatoka na karatasi iko mkononi atachoka mwenyewe, juu anachokitafuta hakitakuwepo tena.

Kisha mtoto. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Ameisugua vizuri na papiye yako! Anakupenda, ndiyo maana yake, anataka kufanana na wewe, na kwa sababu humwambii kitu anajaza mwenyewe, anaweka picha za simu pale penye kimya chako. Usimpige na usimnyang'anye ile ya mti kwa hasira. Keti naye mchana, si usiku, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, na usijibu "wangapi". Mwambie ya kubeba sufuria. Mwambie uzito wa ule mfuko wa risasi kwa bega la mtoto wa miaka 15 mvua ikinyesha, mwambie kikohozi, mwambie funza za miguuni, mwambie ulipigwa mara ngapi na mkubwa wako mwenyewe kabla adui hajakugusa. Na ukiweza, siyo mara ya kwanza, siku nyingine, mwambie ya kijiko. Mimi wale watoto wa kituo nilikuwa naona walivyowanyamazisha wageni waliokuja kuuliza habari za vita, hawakusema habari za vita, walisema tu "tulikuwa tunasikia njaa". Na jumamosi mchukue atelie, mpe randa. Huo mkono usiende bure.

Turudi kwa yule mama.

Umeuliza urudi kijijini uombe msamaha. Bado. Najua ndivyo wengi wanavyofanya, wanapata pesa kidogo, wananunua mbuzi na kreti ya bia, wanafika kijijini na sauti kubwa, wazee wanakula, wanasema mtoto wetu amerudi, na wale wamama waliochotewa magunia wanasimama nyuma na masinia wakihudumia. Msamaha wa namna hiyo wazee ndio wanaukula. Kwenu kuna kyaghanda, baraza la kusuluhisha watu, na mimi naiheshimu, nimeona baba mkwe wangu akikaa pale siku mbili juu ya mpaka wa shamba na watu wakatoka wanasalimiana. Utafika huko, lazima, na mjomba ndiye akupeleke, lakini ufike silaha imeshatoka, na wamama wasikilizwe kabla ya mbuzi kufungwa kamba. Na ile hadithi ya Manguredjipa iishe kabla ya hapo. Bosi wako wa menuizeri ajue kutoka kwako, na mjomba akiwa pembeni, siku ile ile umepata karatasi. Kuna hatari atakufukuza. Akisikia kwa mtu mwingine atakufukuza bila shaka.

Kwa yule mama pale soko usiende. Usiende kumwambia samahani mbele ya meza yake, usimpelekee pesa, usimtumie mtoto na bahasha. Ukimtokea ghafla na samahani yako atakubali palepale, kama alivyoongeza maharagi, na utakuwa umemchotea kitu kingine. Mwambie mke wa mjomba ukweli wote, na kofia mbili, na mtoto mgonjwa mgongoni, usipunguze. Yeye aende, mwanamke kwa mwanamke, akanunue kitu, aketi, amwambie: yule kijana uliyemuuzia maharagi anakaa kwangu, tunajua alikuwa nani kwako, hana silaha, ana watu wanaomwangalia, na huna sababu ya kumwongezea kitu. Hilo ndilo la kwanza anastahili kulisikia, kwamba hana haja ya kukuogopa katika soko lake mwenyewe. Halafu amuulize kama anataka kukuona au hataka. Akitaka, utakwenda na mjomba, utakaa chini, na yeye ndiye ataongea, na akikuuliza kwa nini usiseme "niliamrishwa", juu ile siku ya kofia mbili hakuna aliyekuamrisha, umeandika mwenyewe. Kama atakuambia yule mtoto wa mgongoni alipona utashukuru. Kama atakuambia hakupona, utakaa palepale umsikilize mpaka amalize, usisimame.

Akisema hataki kukuona, basi, mke wa mjomba atakuletea hilo jibu na wewe utaliheshimu, maharagi utanunua upande ule mwingine, kule wanakouza viazi, hata kama ni mbali.

Niandikie ukishaongea na mjomba. Hata mstari mmoja, hata usiku.